Nilivyotia nakshi za mzunguko kwenye bunduki ya mzee wa Tabora

Mimi ni sonara hapa Tabora mjini. Kazi zangu za kila siku ni pete, bangili, na kukata majina kwenye fedha. Mzee mmoja mwindaji aliponiuliza kama naweza kuitia nakshi bunduki yake, nilimwomba anipe muda kwanza, maana fedha inaikubali kalamu ya kuchongea, chuma kinabishana nayo.

Bunduki yenyewe ni ya muundo wa Mauser wa mwaka 1898, ya risasi za .375 H&H Magnum, aina ya risasi iliyotoka mwaka 1912 na ambayo wawindaji wa nyati wanaiamini mpaka leo. Fundi silaha mwenye leseni alikuwa ameitengenezea upya: kitako kipya cha mninga wa miombo yetu, mti ambao ukishakauka vizuri haupindi wala hausinyai ovyo. Alikisugua mafuta mpaka mistari yake ya kahawia na wekundu ikajitokeza yote.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "mti umeshavaa. Chuma nacho kivae."

Silaha haiwezi kulala kwenye kibanda cha sonara. Leseni ya kumiliki ni ya mzee, leseni ya kutengeneza ni ya fundi silaha, mimi sina hata moja, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo. Tukakubaliana fundi silaha aifungue mwenyewe, aniletee vipande viwili tu: kifuniko cha chini cha magazini, yaani chemba ya risasi, na kikingio cha kifyatulio. Hivyo peke yake haviwezi kufyatua risasi. Namba iliyopigwa kwenye kifuniko niliiacha ilivyo na nakshi nikaipitisha mbali nayo.

Mzee alitamani nakshi zipande mpaka juu, kwenye mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti, lile komeo linalofunga risasi ndani. Hapo nilikataa. Mwili wa Mauser za aina hiyo ni chuma laini ndani, ngozi ya juu imefanywa ngumu kwa moto na kaboni. Fundi silaha alinionyesha pale dukani kwake: ukipitisha tupa inateleza bila kula. Ili kalamu ishike, ingebidi chuma kilainishwe kwa moto, na sehemu hiyo ndiyo inayozuia bolti isimrudie mpigaji usoni risasi inapolipuka. Hakuna ua lenye thamani ya jicho la mtu. Kifuniko na kikingio havibebi kishindo hicho, na tupa ilivila vizuri. Mzee alisikiliza, akasema, "Basi fanya huko huko chini, ila pajae."

Sasa mchoro. Watu huniuliza nilikataje, na mimi najibu kwamba kukata ni kazi ya mwisho. Karibu muda wangu wote niliutumia kwenye karatasi. Nakshi za bunduki zina shule zake: Waingereza wanapenda mizunguko midogo midogo iliyobanana, Wajerumani na Waaustria wanapenda majani ya mwaloni na wanyama waliochongwa kwa kina, Wamarekani wengi wanapenda mizunguko mikubwa yenye majani mapana. Nilizitazama zote kwenye picha na nikajifunza kwazo, lakini mwaloni sijawahi kuuona, na mzee pia hajauona. Nikaenda kutazama milango. Tabora tunayo bado milango ya nakshi iliyofuata mtindo wa pwani tangu enzi za misafara, na pale Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, mtu anaweza kusimama mbele ya mlango akafuata kwa kidole namna fundi alivyoyatembeza maua na majani pembezoni mwa fremu. Mkanda ule mwembamba unaojaa bila kusongamana ndio niliokuwa nautafuta, kwa sababu kifuniko cha magazini nacho ni chembamba na kirefu.

Mzunguko una uti wa mgongo. Huo unachorwa kwanza, mstari mmoja mtupu, bila jani hata moja: unaanza wazi, unajikunja kama gamba la konokono, na kila unapozunguka nafasi inapungua kwa kiasi kilekile. Mzunguko wa pili unachipuka ubavuni mwa wa kwanza na kwenda upande wa pili, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mkanda uishe. Ukiona mahali mstari umenyooka kidogo au umevunjika kiwiko, futa. Majani hayafichi kiwiko, yanakionyesha zaidi. Nilikuwa nageuza karatasi juu chini, kisha naitazama kwenye kioo. Jicho lililokwisha kuzoea mchoro hudanganyika, ila likiuona kinyume linashtuka mara moja. Uti ukikubali ndipo majani yanaingia, na kila jani linatoka kwenye uti kwa kulala nao, likifuata mwendo wake, halisimami wima.

Chuma kilisafishwa kwa msasa mpaka kikabaki bila mkwaruzo hata mmoja kabla ya kalamu kukigusa. Ukisugua baada ya kukata, unakula kingo za mistari na nakshi inafifia. Nikapaka rangi nyeupe nyembamba, nikahamisha mchoro kwa penseli, kisha nikakwaruza uti peke yake kwa sindano ili usifutike mkononi. Kifuniko nilikilaza juu ya gogo kwa lami iliyoyeyushwa pamoja na vumbi la tofali na mafuta ya mnyama kidogo, dawa ya masonara tangu zamani: inashika, haiumi chuma, na ukiipasha moto inaachia.

Kalamu nilizitengeneza kwa vipande vya haispidi, kile chuma cha kukatia cha mashine ya kerezo. Ncha niliipa umbo la V la nyuzi 120. Kwa ncha hiyo upana wa mstari ni karibu mara tatu na nusu ya kina chake, kwa hiyo ukizama kidogo tu unapata mstari mpana unaong'aa. Ncha ya nyuzi 90 inatoa upana mara mbili ya kina, na hiyo niliiweka kwa mistari myembamba. Uso wa kalamu niliukata nyuzi 45, na chini ya ncha nikaiwekea kisigino, yaani sehemu bapa inayolalia chuma, kifupi mno, chini ya nusu milimita, ili kalamu isizame na iweze kukata kona bila kukwaruza kwa nyuma. Nilinoa kwa kinoo, nikamalizia kwenye ngozi yenye dawa ya kung'arishia. Naijaribu juu ya ukucha: ikiteleza, haijanoleka. Kwa fedha unaweza kuvumilia kalamu butu. Kwa chuma, kalamu butu inaruka, na ikiruka inaacha mkwaruzo ambao hakuna dawa yake.

Nilifanya mazoezi kwenye mabati mazito ya chuma laini mpaka mkono ukazoea. Kalamu mkono wa kushoto, nyundo nyepesi mkono wa kulia, vipigo vidogo vya haraka. Gogo lilibanwa kwenye jiliwa katikati ya chumba na mimi nikalizunguka. Mstari wa mviringo hukatwa na miguu kama unavyokatwa na mikono, kwa sababu mwili ukisimama mahali pamoja, mkono utapinda na mzunguko nao utapinda. Taa niliifunika kwa karatasi nyeupe ili chuma kisinipige mng'ao machoni, na miwani ya kukuzia haikutoka usoni.

Uti ulikatwa kwanza, kisha majani, kisha vivuli. Vivuli ni mistari myembamba inayoanzia kwenye shina la jani ikiwa imebanana, halafu inapotea kuelekea ncha. Hiyo ndiyo inayofanya jani lililo bapa lionekane limejikunja. Nafasi zilizobaki kati ya majani nilizigonga vitobo vidogo kwa msumari ulionolewa ili zifanye giza na mizunguko isimame. Katikati ya kifuniko niliacha duara la yai tupu. Mzee aliwahi kutaka nyati hapo, nikamshauri tuache, na bado naona palihitaji utulivu.

Fundi silaha alivichukua vipande akavitia weusi kwenye beseni la magadi makali lililochemka nyuzi joto 140 hivi, kazi yenye mvuke mbaya ambayo aliifanya nje, na glavu na miwani. Aliporudisha, chuma kilikuwa cheusi chenye ubuluu, na mistari iliyokatwa ilishika mwanga tofauti kila ukikigeuza.

Bunduki ilipofungwa tena niliitwa dukani kwake kuiona. Mzee aliigeuza tumbo juu, akapitisha dole gumba taratibu kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine mpaka mwisho wa mkanda, akarudi. Kisha akamuuliza fundi silaha kama kile kifuniko kidogo cha chuma kilicho mwisho wa kishikio kinaweza kufunguliwa. Kinafunguka kwa skrubu moja. Ninacho sasa juu ya meza, ni cha mviringo, na uti wake nimeshauchora: mzunguko mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kuishia kwenye skrubu.