Filamu ya vivuli kwa balbu moja ya gari

Kabla sijaanza kurekodi wayang kulit, mchezo wa vivuli vya vikaragosi, pale Solo, Java ya Kati, Indonesia, watu wa kamera walinipa ushauri uleule kila mmoja kwa namna yake: ongeza taa. Taa mbili za LED nyuma ya pazia, moja mbele ya kupunguza giza, nyingine ubavuni ili sura ya mchezeshaji ionekane. Ukiwasikiliza hutapata kivuli hata kimoja cha maana. Filamu yangu ya dakika ishirini na ushee imebebwa na balbu moja ya taa ya mbele ya gari, na sioni haya kusema vivuli vyake vinawapita wenye vifaa vya kujaza lori.

Kwa asiyewahi kuuona mchezo huu: vikaragosi ni bapa, vya ngozi ya nyati wa kufugwa, vimetobolewa matundu madogo madogo kwa patasi, na hushikiliwa kwa vijiti vya pembe. Mchezeshaji huitwa dalang. Hukaa chini miguu kaikunja, pazia mbele yake, taa juu ya kichwa chake, wapigaji wa gamelan, kundi la gongo, ngoma na ala za vibamba, nyuma yake, na sauti zote za wahusika ni zake yeye. Onyesho la kawaida huanza mnamo saa tatu usiku hadi alfajiri. Usijidanganye ukarekodi usiku kucha kwa matumaini ya kuchagua baadaye; utabaki na mzigo wa klipu na filamu huna. Mwombe toleo fupi, wengi wamelizoea. Tena chagua kisa chenye wahusika wachache. Mimi nilichukua safari ya Bima kutafuta maji ya uhai: Bima, mwalimu wake Durna, joka la baharini, na Dewa Ruci, kiumbe mdogo anayefanana na Bima mwenyewe. Vita vya Pandawa, yaani Bima na ndugu zake, na binamu zao Kurawa waachie wenye pesa.

Sasa taa. Kila taa ina kivuli chake, kwa hiyo taa mbili zinakupa Bima wawili waliopishana. Taa ya mbele inafuta kile ulichofuata. Na paneli ya LED, hata ikiwa moja, ni pana mno: kikaragosi kikiachana na pazia kwa shubiri moja tu, kingo zake zinageuka moshi na yale matundu mazuri ya patasi yanapotea. Zamani walitumia blencong, taa ya mafuta yenye utambi, na mwali wake ukicheza vivuli vinapumua. Siku hizi wengi wanatundika halojeni kubwa au LED, inayomfaa mtazamaji aliye ukumbini lakini si lenzi.

Dawa ni chanzo kidogo cha mwanga. Balbu ya gari aina ya H1, volti 12, wati 55, uzi wake wa ndani ni kama milimita tano tu. Usinunue taa nzima, kile kioo chake cha kurudisha mwanga kinaharibu kila kitu. Nunua balbu peke yake, bei yake ni ya chakula cha mchana. Ifunge kwenye kipande cha bati, weka fyuzi ya ampia 10, tumia waya wa milimita moja na nusu, na kioo usikiguse kwa vidole vitupu kwa sababu mafuta ya ngozi yanakipasua kikipata moto. Nyuma ya balbu weka kibati cha kumkinga dalang macho, kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Kikiachwa king'ae kinakuwa taa ya pili, na umerudi kwa Bima wawili.

Umeme wake ni betri ya gari. Balbu inakula ampia nne na nusu hivi, kwa hiyo betri ya ampia 45 kwa saa inakupa karibu saa tano kabla haijashuka chini ya nusu. Faida si kukwepa kukatika kwa umeme tu. Umeme wa betri haupepesi, wakati LED za bei poa zikichomekwa ukutani huchora mistari inayotembea juu ya pazia. Ukilazimika kutumia umeme wa ukutani, Java ni hezi 50 kama kwetu: weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, achana na 30 ambayo simu nyingi huja nayo. Betri ikichoka mwanga unaingia unjano, kwa hiyo vipande vitakavyounganishwa virekodiwe kwa kufuatana.

Balbu hii ndiyo iliyonipa ile picha ambayo kila aliyeiona anauliza ilitengenezwa kwa programu gani. Katika kisa, Bima mkubwa anaingia ndani ya sikio la kushoto la Dewa Ruci mdogo. Niliambiwa haiwezekani bila kompyuta. Nilishusha balbu ikawa sentimita 90 kutoka kwenye pazia. Bima akabaki amebanwa kwenye kitambaa. Dewa Ruci, kikaragosi cha urefu wa shubiri, dalang akaanza kumvuta taratibu kurudi nyuma, kuelekea taa. Hesabu ni rahisi: gawanya umbali wa taa na pazia kwa umbali wa taa na kikaragosi. Alipobakiza sentimita 15 kutoka kwenye balbu kivuli chake kilikuwa kimekua mara sita, karibu mita moja na nusu, pazia zima. Ukungu wa kingo ulikuwa sentimita mbili na nusu hivi, kitu kisichosumbua kwenye kivuli cha ukubwa huo. Paneli ya upana wa sentimita 10 ingekupa ukungu wa nusu mita. Na kwa kuwa giza juu ya giza halionekani, kivuli cha Bima kikamezwa ndani ya kile kikubwa. Dalang akamwondoa Bima kwa mkono mwingine, akamrudisha Dewa Ruci pale pale pazani, na Bima hayupo tena. Hakuna pa kukata. Sharti moja: sekunde chache tu pale karibu na balbu, kwa sababu vijiti vya pembe vilikunjwa kwa moto na kwa moto vitapinda tena.

Kamera ni suala dogo. Simu mbili nzuri zinatosha, ila funga fokasi na mwangaza kabla ya kuanza. Likija gunungan, lile umbo kama jani kubwa linalofungua na kufunga hadithi, pazia linajaa giza, simu inaongeza mwanga yenyewe, na likiondoka picha yote inaungua. Kama nyuzi za kitambaa zinatoa mawimbi ya rangi kwenye kioo, sogeza kamera nusu hatua, yanaisha.

Vikaragosi huchomekwa kwenye gogo la mgomba lililolazwa chini ya pazia. Katika onyesho la kawaida halina neno. Katika filamu, ambapo tukio linarudiwa na kurudiwa, matundu yanapanuka na Durna anaanza kuinama katikati ya mawaidha. Kuwa na gogo la pili limefunikwa gunia bichi, na la kwanza ulizungushe robo duara kila baada ya tukio. Maji ya mgomba yasiguse pazia. Anayejua nguo zilizowahi kupata utomvu wa ndizi haambiwi kwa nini.

Midomo ya vikaragosi hivi haifunguki, mikono tu ndiyo inayocheza, na huo ni msamaha mkubwa kwa mhariri. Dalang hasemi maneno yaleyale mara mbili, wala usimdai. Rekodi tukio zima mara moja na gamelan kamili, hiyo ndiyo sauti yako. Kisha picha za karibu zipige siku nyingine ukiwa na mpiga ngoma ya kendang na mpiga gender, ala ya vibamba vya shaba, tu, maana mikono ya dalang na kendang huenda pamoja. Hapo ndipo nilipookoa pesa. Iliyobaki karibu yote ilikwenda kwa wasanii na chakula chao, na chakula usikibanie. Ukihitaji muziki zaidi, rudi kwenye seti ileile. Kila gamelan ina tuni yake, na kipande cha seti nyingine kitasikika hata kwa asiyejua muziki.

Maiki ya kifungoni mbandike dalang upande wa kulia. Kushoto kwake kuna sanduku analoligonga kwa nyundo ya mti, na vibamba vya chuma anavyovipiga kwa mguu. Bila tahadhari hiyo utapata milipuko badala ya maneno. Nyaya zipite nyuma ya gongo kubwa, kamwe zisipite mahali pa kumlazimisha mtu kuruka ala. Kuruka ala za gamelan ni utovu wa adabu, na viatu viache mlangoni.

Tafsiri ipatie muda, tena mtafute anayejua Kijava chenyewe, si Kiindonesia tu, kwa sababu Bima humwongelesha kila mtu, hata wakubwa, kwa lugha ya mtaani, ila mbele ya Dewa Ruci hutumia lugha ya heshima, na ladha ya kisa iko hapo hapo. Maandishi ya Kiswahili niliyaweka kwenye ule utepe mweusi ulioshonwa chini ya pazia, unaosimama badala ya ardhi. Ukipanga fremu utepe uingie wote, mistari miwili inakaa vizuri bila kukanyaga miguu ya mtu.