Mguu wa Mdogo Wangu na Dawa Zilizosimamishwa

Mdogo wangu, ambaye ni dereva wa bodaboda hapa Tanga, alivunjika mguu chini ya goti, mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Akapasuliwa, akawekewa chuma, akaruhusiwa. Mwezi wa tatu palitokea kwenye kovu tundu dogo, si kubwa kuliko punje ya mtama, likawa linatoa majimaji na hatimaye usaha. Mama alilifunga kwa kipande cha khanga kuukuu, na kila alfajiri alikikuta kina duara la njano. Hospitalini, ambako sitakutaja, alipewa antibiotiki. Tundu likaziba, tukashukuru Mungu, na baada ya wiki mbili likafunguka tena. Tulizunguka hivyo kwa miezi 14, kwa dawa za aina nne, bila mtu hata mmoja kuuliza ni kimelea gani tunachopigana nacho. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko hata fedha.

Rufaa ya Dar es Salaam ndiyo iliyotufumbua macho. Daktari bingwa wa mifupa alitueleza kwamba bakteria, mara nyingi wale waitwao Staphylococcus aureus, hung'ang'ania kwenye chuma na kwenye mfupa uliokufa, wakajifunika utando; na kwa kuwa mfupa uliokufa haupitishi damu, dawa inayosafirishwa na damu haiwafikii. Vidonge huwaua wanaozurura nyamani, tundu likafunga, kumbe mwenye nyumba yumo ndani.

Kisha akasimamisha dawa zote kwa wiki mbili. Mama alihamaki: "Baba, mgonjwa anaachishwaje dawa?" Akajibiwa kwa upole kwamba dawa iliyomo mwilini humficha kimelea maabara inapojaribu kumwotesha. Siku ya upasuaji vilichukuliwa vipande vitano kutoka ndani kabisa, kila kimoja kwa kifaa chake safi na katika chupa yake, kwa sababu kimelea kikionekana katika chupa moja tu huenda kimetoka kwenye ngozi, lakini kikijirudia ushahidi unakuwa mzito. Pamba ya kufutia usaha juujuu, ambayo tuliwahi kufanyiwa mara moja, haiwezi kusema hayo.

Chuma kilitolewa, na mfupa ukakatwa hadi palipoonekana panatoa damu. Tulionyeshwa kipande kilichokufa: cheupe, kikavu, chenye vishimo, mfano wa tumbawe la ufukweni Raskazone. Mtaalamu wa maabara na mfamasia walikaa na daktari wakachagua dawa ya kumeza ya wiki 6, nasi tukaondokana na hofu ya kulazwa Dar kwa ajili ya sindano tu. Utafiti wa Uingereza uitwao OVIVA, uliochapishwa mwaka 2019 ukihusisha wagonjwa 1,054, ulionyesha kwamba katika wiki hizo 6 za kwanza dawa za kumeza zilizochaguliwa vizuri hazizidiwi na za mshipa.

Sasa amefungwa vyuma vya nje, vile ambavyo mtaani huitwa antena, kwa njia iliyobuniwa na Ilizarov, daktari wa Kirusi: mfupa wenye afya hukatwa mahali pengine na kipande chake kusogezwa milimita 1 kwa siku, robo kwa robo, huku mfupa mpya ukiota nyuma yake. Mdogo wangu huzungusha nati baada ya swala, isipokuwa ya Maghribi, kwa kuwa imekaribiana mno na Isha. Pengo lililoachwa na mfupa uliokatwa lilikuwa sentimita 4. Jana zilibaki milimita 11.