Kikapu Kilichobaki Behewani

Muuguzi alinipigia simu Ijumaa tarehe 9 Aprili 2021, saa nne asubuhi. Niliketi chini hata kabla hajasema neno, maana siku zile simu ya hospitali tuliijua huleta habari gani. Akawahi kunituliza: "Mama yuko hai, usiogope. Ila hataki kuguswa, anasema hatujui. Njoo. Na kama anavaa miwani, njoo nayo."

Miwani nilikuwa nayo kabatini, nimeifunga ndani ya soksi isipotee. Nilidhani nimeitunza.

Mama alikuwa ametolewa mrija kooni siku mbili nyuma. Alilala na mashine ya kupumulia siku 9, tangu Jumatatu iliyofuata ile amri ya kufunga Nairobi na kaunti nyingine nne. Korona ilimwanza kama mafua ya kawaida, akawa anakunywa tangawizi na ndimu na kutukataza kumsumbua. Ilipofika wiki ikageuka. Kile kibanio cha kidoleni, kinachopima oksijeni kwenye damu, kilisoma 78. Mtu mwenye mapafu mazima husoma 95 kwenda juu, lakini hilo nililijua baadaye. Nilichokiona mimi ni midomo kugeuka rangi, na mama aliyeshindwa kumaliza kusema "funga mlango".

Wodini nilivishwa kanzu ya plastiki, barakoa mbili na kingao cha uso. Mama alikuwa mdogo kitandani, amepungua. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda, pamba imewekwa chini ya fundo isimkate ngozi. Nikamwita. Akanigeukia, akanitazama kwa hofu na adabu, kama anavyotazamwa askari.

"Tiketi nimekata," akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na mrija. "Daraja la pili. Imo ndani ya kikapu, na kikapu mmekiacha kwenye lile behewa jingine. Na mtoto mnaye nyinyi."

Mama ni mzaliwa wa Mombasa. Kabla ya treni mpya kuanza 2017, safari zetu za kwao zilikuwa kwa ile treni ya usiku, naye hakuachana na kikapu chake cha mahamri na mayai ya kuchemsha. Alikilalia miguu mpaka asubuhi. Kitanda cha jirani mashine ilikuwa ikisukuma pumzi: vuuu, tak. Vuuu, tak. Nikasimama pale nikaisikia treni hiyo hiyo.

Lakini sikuwa na busara siku ile. Nikamwambia, "Mama, hakuna treni. Uko hospitali. Umechanganyikiwa." Nikarudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Akafumba macho. "Hata wewe wamekununua," akasema.

Muuguzi akanivuta kando. Alikuwa binti mdogo kwangu, macho mekundu kwa zamu. "Usibishane naye, wala usimkubalie. Mwambie jina lako, mwambie leo ni siku gani, mvishe miwani, halafu mshike mkono unyamaze. Huku ni kuweweseka. Si wazimu. Wengi wanaotoka kwenye mashine huwa hivi."

Kisha akaniruhusu nimwone anavyompima. Akampa mama kidole chake: "Nitataja herufi moja moja. Kila ukisikia A, nibane." Mama alibana A ya kwanza. Baada ya hapo akawa anabana kila herufi, halafu akasahau kabisa kwamba ameshika kidole cha mtu. Yakaja maswali. Jiwe huelea majini? "Inategemea," mama akajibu. Baharini kuna samaki? "Wapo." Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili?

Mama huyu ndiye aliyetulea Majengo kwa unga. Alfajiri, kabla taa haijawashwa, alikuwa akipima ngano kwa kiganja na haikosi. Akakunja uso, akafikiri muda mrefu sana.

"Ndiyo," akasema.

Treni niliivumilia. Hiyo kilo moja ndiyo iliyonitoa nje kulia.

Kaka yangu aliposikia alisema ni mashetani, lazima sheikh aende akamsomee. Tukabishana kwenye simu mpaka muuguzi akatutatulia: asome kaka mwenyewe, simu iwekwe sikioni kwa mgonjwa. Akasoma Yasini. Mama akatulia, usiku ule hakufungwa mikono. Sikumbishia kaka tena.

Nimetafuta sana tangu siku hizo kujua kilichompata, kwa kuuliza madaktari na kusoma. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Mapafu yakizama, ndio wa kwanza kulia njaa. Halafu mwili unaopigana na virusi humwaga kwenye damu kemikali za uvimbe, nazo huuchafua ubongo hata pale ambapo virusi vyenyewe havijaufikia. Korona iliongeza na kugandisha damu kwenye mishipa midogo. Mashine nayo, ambayo sitaacha kuishukuru, ina gharama yake: si rahisi mtu kuvumilia mrija kooni bila dawa za kumlaza, na baadhi ya dawa hizo, kama midazolamu, huzidisha kuweweseka. Tena kulazwa kwa dawa si kulala. Taa haizimwi, kengele zinalia, mchana na usiku havijulikani. Na mama yangu kwa siku 12 hakuona mdomo wa binadamu, kwa sababu ya barakoa. Na bila miwani hata macho yao hakuyaona. Ningekuwa mimi pia ningesema nimetekwa.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani ndani ya Ramadhani. Tulipewa vidonge, tukapewa bili, tukaambiwa mapafu yatachukua muda. Kuhusu kichwa hakuna aliyesema lolote, na hilo bado linaniuma. Miezi ile tulimkosea sana. Alisahau mafuta jikoni yakaungua, tukamfokea. Wateja walimrudishia chenji aliyozidisha, tukacheka kumfariji naye akaona tunamcheka. Akaacha kupika biashara. Usiku alikuwa anaamka kutafuta kikapu.

Kumbe haya yalikuwa yanajulikana. Mwaka 2013, miaka saba kabla ya korona kufika Kenya, madaktari wa Nashville, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa mahututi 821, watu ambao pumzi ilikuwa imewashinda au damu imeshindwa kuzunguka. Karibu robo tatu waliweweseka hospitalini. Baada ya mwaka mzima, mmoja kati ya kila watatu waliopimwa alikuwa na kumbukumbu na fikra za mtu aliyeumia kichwa kwa ajali ya wastani. Na kadiri mtu alivyoweweseka siku nyingi, ndivyo alivyobaki nyuma. Karatasi moja tu ya kutuambia hayo mlangoni ingetutosha.

Nilisoma pia kwamba wauguzi wa nchi za Skandinavia huwaandikia wagonjwa wao daftari, siku baada ya siku, ili wakiamka wajue walikuwa wapi. Letu halikuandikwa. Nikanunua daftari la kurasa 96 dukani, nikalijaza kutoka kwenye jumbe za simu na yale aliyonieleza muuguzi yule nilipompigia: siku aliyolazwa kifudifudi, siku homa iliposhuka, siku alipofungua jicho moja.

Tulilisoma Novemba, jioni, mama amekaa kwenye mkeka na miwani yake. Alisikiliza bila kunikatiza mpaka tarehe 9 Aprili. Hapo akanyoosha kidole.

"Na treni mbona hukuiandika?"

Nikamuuliza kama anataka niiandike. Akanieleza yote: behewa, wakaguzi wasio na midomo, kamba mikononi, na mtoto aliyechukuliwa akiwa amevaa sweta la kijani. Sweta lile nalijua. Nililivaa nikiwa na miaka sita, safarini kwenda kwa bibi.

"Mama, mtoto ni mimi."

Akanitazama muda mrefu. "Basi andika," akasema, "kwamba mtoto alipatikana."

Nikaandika. Akataka niweke na tarehe.