Darubini ya bunduki na kiambatisho cha usiku: anza na namba ndogo

Wengi wakinunua darubini ya bunduki, macho hukimbilia namba kubwa ya ukuzaji: mara 12, mara 16, mara 24. Kama unapanga kuifungia kiambatisho cha kuonea usiku, namba ya kuuliza kwanza ni ile ndogo, yaani ukuzaji wa chini kabisa.

Mfano mzuri ni uwindaji wa nguruwe mwitu Ujerumani. Mwaka 2020 sheria ya silaha ilibadilishwa, wenye leseni ya kuwinda wakaruhusiwa kutumia viambatisho vya mbele au nyuma ya darubini ya kawaida. Darubini kamili za usiku, zenye uwezo huo ndani yake, zilibaki marufuku, na tochi za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za kufungwa kwenye bunduki vilevile. Septemba ya mwaka huohuo homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, ilimkuta nguruwe mwitu katika jimbo la Brandenburg, na haja ya kuwapunguza wanyama hao ikazidi. Kwa kuwa tochi hairuhusiwi, wengi hufunga mbele ya darubini kamera ya joto, inayoona joto la mwili bila kuhitaji mwanga.

Kamera hiyo ina skrini ndogo ndani yake. Ukishaifunga, darubini haimtazami tena nguruwe, inaitazama skrini. Ukizungusha pete ya ukuzaji, mnyama hasogei karibu. Unachokuza ni pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha. Kwa kihisi (sehemu ya kamera inayopokea joto) cha pikseli 384 × 288, picha huanza kuvunjika vipande ukipita takriban mara 4. Kwa 640 × 480, takriban mara 6. Ndiyo maana darubini za mara 2.5–10 au 3–12 zinafaa, na ile 8×56 (mara 8, lenzi ya milimita 56) ya ukuzaji mmoja, inayopendwa sana na wanaovizia juu ya kichanja, haifai hata kama kioo chake ni bora. Kushuka mno nako kuna kasoro: kwenye mara 1 utaona kingo za kifaa zimeizunguka picha ndogo katikati.

Lenzi ya milimita 56 nayo naona inasifiwa kupita kiasi kwa kazi hii. Faida yake ni kukusanya mwanga hafifu, lakini hapa mwanga unatoka kwenye skrini, na darubini inatumia sehemu ya katikati tu ya lenzi. Milimita 42 au 50 zinatosha. Darubini inakuwa nyepesi na inakaa chini, karibu na mtutu.

Panapoharibika mambo mara nyingi ni kwenye adapta, pete inayoshikiza kifaa kwenye darubini. Usiagize kwa kufuata kipenyo cha lenzi kilichoandikwa kwenye boksi. Pima kwa kalipa (kipimo cha kubana cha vipenyo) upande wa nje, sehemu mbili tofauti: darubini ya milimita 56 huwa na takriban 62 kwa nje, na tofauti ya nusu milimita inatosha kuifanya adapta icheze. Sehemu ya kubana iwe silinda iliyonyooka, isiwe imechongoka. Na usinunue darubini ambayo pete yake ya paralaksi (ya kunoa picha kulingana na umbali) iko kwenye lenzi ya mbele. Pete hiyo inazunguka, ukiibana na kifaa cha gramu 400 au 500 haitatulia. Chagua yenye paralaksi ubavuni, au iliyowekwa kiwandani kwa mita 100. Pete za kufungia ziwe pana, skrubu zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, maana uzito huo wote unaning'inia mbele na kila mshindo wa risasi unauvuta.

Msalaba wa shabaha uwe na laini zinazoonekana kwenye mara 3. Zile zinazokua na kupungua pamoja na picha huwa nyembamba mno hapo. Kama una nukta nyekundu, hakikisha inapungua hadi kiwango cha usiku, la sivyo itamfunika mnyama.

Kwa kurekebisha: mchana, bila kifaa, zungusha pete ya jicho mpaka msalaba uwe mkali. Funga kifaa, kisha zungusha paralaksi mpaka pikseli za skrini ziwe kali. Usihangaike na umbali wa mnyama. Huo unarekebishwa kwenye lenzi ya kamera.

Halafu piga risasi tatu kwenye mita 100 bila kifaa, tatu ukiwa nacho, kivue, kifunge tena, tatu nyingine. Shabaha iwe na kipakiti cha kupasha mikono joto ili kamera ikione. Matundu yakihama upande uleule kila mara, sahihisha kwenye menyu ya kifaa. Usiguse vifundo vya kurekebishia shabaha vya darubini, maana utaharibu shabaha ya mchana. Yakihama ovyo, adapta imelegea.

Kiambatisho cha nyuma hakihamishi shabaha, kwa sababu kinautazama msalaba uliomo tayari ndani ya darubini. Hapo pima kipenyo cha nje cha lenzi ya jicho, na isogeze darubini mbele, kwani kifaa kitakurudisha uso nyuma.

Kamera ya joto haikuonyeshi vizuri kama nyuma ya nguruwe kuna kilima cha kuzuia risasi au uwanda mtupu. Mahali pa kuvizia pachunguzwe mchana. Na kumtafuta mnyama kufanywe kwa kamera ya mkononi, kamwe si kwa kuelekeza mtutu kwenye kitu ambacho bado hujakitambua.