Mawe Yaliyotoka Baharini

Leo nimevuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Safari hii nilijiahidi tangu nikiwa shule ya msingi, siku mwalimu wa historia alipotutajia Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika hapa mwaka 1331, nami nikabaki najiuliza alishukia wapi.

Kibali tulikichukua jana Kilwa Masoko. Asubuhi nahodha akatweka tanga, na kabla joto halijapanda tukaiona Gereza, ngome iliyokaa pwani kabisa. Wareno walijenga ya kwanza hapo mwaka 1505. Hii inayoonekana sasa zaidi ni kazi ya Waomani. Upande mmoja bahari imeshaula.

Msikiti Mkuu ndio ulionishika. Sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, na ile yenye kuba iliongezwa karne ya 14. Nilivua viatu bila kuambiwa. Ndani kuna ubaridi na utulivu, na mwanga unaingia kwa vipande kati ya nguzo. Mzee aliyetutembeza, mzaliwa wa kisiwani, aliweka kiganja ukutani.

"Hili ni tumbawe, mwanangu. Likitoka baharini ni laini, unalichonga utakavyo. Likishakauka, ndiyo hili."

Na chokaa iliyoyashikanisha ni tumbawe hilohilo, limechomwa kwa kuni. Nilisimama pale muda mrefu. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, ilipita hapa, vyombo vya kauri vya China vilifika, masultani wakapiga sarafu zao za shaba; lakini mji wenyewe uliinuliwa kwa kitu walichokiokota miguuni pao maji yakitoka.

Kwenda Husuni Kubwa tulipita kati ya nyumba za watu. Watoto walitupa shikamoo, kina mama walikuwa wakianua nguo. Nilifurahi kuona kwamba si mahame; watu wanaishi na magofu haya kama mtu anavyoishi na kaburi la babu yake uani. Husuni hiyo ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, nalo liko ukingoni, juu ya bahari. Birika lake la pembe nane halina maji, ila ukikaa kwenye ngazi zake upepo unakufikia vizuri.

Kinachoniuma ni mmomonyoko. Mwaka 2004 UNESCO iliuweka urithi huu kwenye orodha ya ulio hatarini, ukaondolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Hata hivyo mawimbi hayajaacha kupiga. Mzee alinionyesha mikoko, akasema hiyo ndiyo boma lao la kweli, na anayeikata anawabomolea wote.

Tulirudi pwani alasiri, maji yakijaa. Chini ya Gereza kulikuwa na kipande cha jiwe chenye chokaa bado, kimeanguka mchangani. Mzee alikiokota, akakipangusa kwa kanzu yake, akakiegemeza kwenye ukuta pale maji yasipofika. Kisha akaja kutusukumia mashua.