Kifungu cha 140, Jumatatu asubuhi

Naibu wa mwalimu mkuu alituonya kwenye kikao cha asubuhi: siasa ziachwe getini. Nikachukua chaki na gazeti, nikaelekea Kidato cha Tatu. Ilikuwa 4 Septemba 2017. Ijumaa iliyotangulia Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilikuwa imefuta uchaguzi wa rais wa 8 Agosti, nami nina kipindi cha Historia na Serikali. Ningefundisha nini, Wareno pwani?

Shule yetu ya kutwa ilikuwa Eastlands, Nairobi. Wengine walitoka mitaa iliyopuliza vuvuzela Ijumaa hiyo, wengine mitaa iliyolala mapema. Nikaweka sharti: hakuna kutaja jina la mgombea. Kuna mlalamishi, kuna tume ya uchaguzi, kuna aliyetangazwa mshindi. Atakayeteleza atafuta ubao wiki nzima. Kisha nikawageuza. Waliokuja wakitabasamu wakaitetea tume. Walionuna wakawa mawakili wa mlalamishi. Kelele zake!

Msichana mmoja wa tume akaanza na hesabu: kura 8,203,290 kwa 6,762,224, pengo la zaidi ya milioni moja, mtalifutaje? Mvulana aliyekuwa amenuna kuliko wote akasimama taratibu. Akasema kesi haikuwa ya pengo, ilikuwa ya njia: fomu za matokeo, 34A za vituoni na 34B za maeneo bunge, zilifikaje Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, na nani alizikagua kabla ya mshindi kutangazwa? Uso wake ulionyesha wazi kwamba moyo hautaki. Lakini hoja ilikuwa imenyooka, hata wenzake wa mtaani wakampigia makofi kwa shingo upande.

Kuna aliyeuliza: walioafiki wanne, waliopinga wawili, na majaji ni saba, huyo mwingine yuko wapi? Aliugua kesi ikiendelea. Tukafungua Kifungu cha 163 cha Katiba: mahakama hiyo huketi na majaji wasiopungua watano. Nilikuwa nimekifundisha mara nyingi, wanafunzi wakinakili huku wakipiga miayo.

Kwenye "kwa nini" tulikwama, maana majaji walikuwa wametoa uamuzi tu na kuahidi sababu kamili ndani ya siku 21. Nikakataza kubahatisha. Tukaenda Kifungu cha 140, kinachotaka uchaguzi wa rais uliofutwa urudiwe ndani ya siku 60, tukazihesabu kwenye kalenda ya ukutani hadi 31 Oktoba.

Siku hiyo hiyo tume ikatangaza marudio yatakuwa 17 Oktoba. Kesho yake yule mvulana akauliza: wanapangaje tarehe kabla ya kuambiwa walikosea wapi? Nikamwambia aliandike swali hilo daftarini.

Majaji walisoma sababu zao 20 Septemba. Siku iliyofuata tume ikasogeza uchaguzi hadi 26 Oktoba. Ijumaa, saa ya chai, mvulana akanifuata chumba cha walimu, gazeti kwapani.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua alama zangu."

Nikampa mbili. Alitaka tano.