Vifungo vya fedha vya Norway kwenye kizibao cha kitenge

Nashona hapa Goma, upande wa Birere, na vifungo vinavyopita mikononi mwangu karibu vyote ni vya plastiki. Hivi vya fedha, namaanisha madini yenyewe, vililetwa na mama mmoja wa hapa hapa aliyehamia Norway na familia yake. Alikuwa amekuja na kijana wake kwa harusi ya ndugu. Kijana alitaka kizibao cha kitenge kama cha wajomba zake, ila kiwe na vifungo alivyopewa kule alipopata kipaimara.

Vilitoka kwenye bunadi, vazi la asili la Norway. Kila eneo lina bunadi yake, na watu huivaa harusini, kwenye kipaimara na hasa tarehe 17 Mei, siku ya katiba yao ya 1814. Mama alinipa sharti: “Mama fundi, baada ya harusi vinarudi kwenye vazi lake. Usiviumize.”

Nyuma vilikuwa na muhuri wa 830S, yaani sehemu 830 kati ya 1,000 ni fedha. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, inayotia ugumu. Jirani yangu alikuja na sumaku akijidai mtaalamu. Fedha haivutwi na sumaku, sawa, lakini hata shaba na alumini hazivutwi. Mimi niliamini muhuri.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya weusi uliokuwa kwenye vifungo. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake: majivu, dawa ya meno, karatasi ya alumini na bikabonati ndani ya maji ya moto. Majivu na dawa ya meno hukwaruza. Hiyo ya alumini inafanya kazi kweli, kwa sababu fedha huwa nyeusi ikishikana na salfa, na alumini huinyang’anya salfa hiyo. Tatizo ni kwamba masonara wa Norway huacha weusi makusudi ndani ya mifereji ya nakshi, ili maua yaliyo juu yatokeze. Ukivichovya, weusi wote unaondoka na nakshi inapotea machoni. Nilitumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini wa mtoto, nikavikausha kwa pamba, basi. Nilimkataza pia kijana asivifunge kwa mpira, maana mpira una salfa. Hata sufu, yaani manyoya ya kondoo, inayo.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kitambaa. Vizibao vya bunadi kwa kawaida ni vya sufu nzito inayobeba vifungo vya madini bila kulegea. Kitenge ni pamba nyepesi, na vifungo vya fedha vingekivuta mpaka kichanike. Kwa hiyo chini ya safu zote mbili za vifungo nilitia kile kitambaa kigumu tunachoweka kwenye kola, nikakishonea kwenye kitenge. Halafu sikushona kifungo hata kimoja. Kila kimoja kina kitanzi mgongoni, basi nilitoboa matundu madogo, nikayazungushia uzi kwa mkono, nikapitisha vitanzi hadi upande wa ndani. Huko ndani utepe mwembamba unapita katika vitanzi vyote vya safu, umefungwa fundo juu na chini, na bitana inaufunika. Nimeacha uwazi pembeni: ukifungua fundo, ukavuta utepe, vifungo vyote vinatoka na kizibao kinaenda kufuliwa. Kufunga kizibao ni kazi ya vifungo vya kubana vilivyojificha. Vile vya fedha ni pambo tu.

Nilipokuwa nazungusha uzi, mama alinisimulia kwamba zamani kule mtoto mchanga alibandikwa kipande cha fedha nguoni ili viumbe wa chini ya ardhi wasimwibe. Bibi yangu asingeshangaa hata kidogo.

Bei ilikuwa mara mbili ya kizibao cha kawaida, kwa sababu ya yale matundu. Mama alinung’unika, akageuza kizibao, akavuta utepe mwenyewe kujaribu, akalipa.